Risasi Iliyopimwa kwa Miguu ya Babu Yako

Rukia mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho gari likija, kwa hiyo hapa nazipita. Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kutonunua chakula njiani na ya kwenda kumwamkia shangazi kila Ijumaa nayo nayapita, maana mama yako amekushika nayo tangu adhuhuri na bado hajafika nusu. Namsikia kutoka hapa barazani. Mimi nimechukua karatasi kwa sababu nina jambo moja tu, na nikikuambia uso kwa uso ama nitakasirika ama nitacheka, na yote mawili yataliharibu.

Nimesikia kwamba hutaki tena kwenda Muyinga.

Hukuniambia mimi. Ulimwambia mama yako jikoni, na unamjua mama yako, siri kwake haikai mpaka chai ichemke. Umesema utawaandikia wale wa hospitali ya huko watafute fundi mwingine wa vyuma vya miguu, vile vya kuwategemeza wagonjwa, kwa sababu kazi yako ya kwanza imerudishwa. Nilikuwepo iliporudishwa. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha karakana wakati yule bibi wa kijiji cha Buraza alipoingia akichechemea, chuma chako amekifunga kwenye kitenge, na juu yake ameweka chana la ndizi la kuombea radhi.

"Iko kizuri sana, mtoto wangu," alikuambia. "Hata mkwe wangu alikiangalia, akasema ni kitu ya Bazungu. Lakini mi nakaa chini. Kwa shamba nakaa chini, kwa nyumba nakaa chini. Hii chuma inakataa kukaa. Nikiivaa, nasimama tu siku muzima, majirani wananiuliza nangojea nani."

Wewe ulimshukuru, ukampa maji ya kunywa, ukamsindikiza hadi barabarani kwa adabu zote tulizokufunza. Kisha ukarudi, ukakitupa chuma chini ya meza, ukalia. Na mimi baba yako sikusema neno. Nilijifanya natafuta bisibisi, na bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Nisamehe kwa hilo. Neno nilikuwa nalo, ila lilikuwa limebeba aibu yangu ndani yake, na aibu hiyo nimeificha tangu kabla hujazaliwa.

Unaijua hadithi ya bunduki ya babu yako Shabani. Nani katika ukoo huu haijui? Kila harusi, wajomba zako wakishashiba, lazima mmoja aianze: jinsi babu yako alivyompiga tohe kwa risasi moja kwa ajili ya siku ya bendera, ile ya uhuru, na Waswahili wote wa Muyinga wakala nyama, na kijana Hamisi fundi bunduki kutoka Gitega akapewa mke. Ndivyo inavyosimuliwa, na ni kweli tupu. Lakini wanaanza katikati. Wanaacha mwanzo kwa kunihurumia, na mimi nimewaacha waache. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ni mama yako, ambaye kwa muujiza wa Mungu siri hii moja ameitunza.

Basi sikiliza mwanzo.

Nilijifunza kazi kwa Mbelgiji mmoja tuliyemwita Musyo Leo. Alikuwa na karakana hapa Gitega, enzi hizo tukiiita Kitega, akiwatengenezea bunduki za kuwinda maofisa na wenye mashamba. Siyo bunduki za dukani. Mteja alikuja akapimwa kama anavyopimwa kwa mshona suti: urefu wa mkono, upana wa bega, shingo, mahali shavu linapolalia kitako. Kisha Musyo Leo alikaa naye wakachagua risasi. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kabisa, kabla mbao haijakatwa. "Risasi kwanza, Hamisi, bunduki baadaye," aliniambia kila wiki kwa miaka minane. Watu hudhani bunduki ndiyo inayoamua. Hapana. Ukishachagua risasi umeshachagua mtutu, umeshachagua uzito, umeshachagua bega litaumia kiasi gani na mnyama ataanguka vipi. Mengine yote ni kazi ya tupa na msasa.

Uhuru ulipokaribia, Musyo Leo alifunga masanduku akarudi kwao. Aliniachia jiliwa lile lile unalolitumia wewe, tupa zake zote, mtambo mmoja wa bolti, ule wa kuingizia risasi na kuifyatua, wa Kijerumani, uliotoka Tanganyika zamani, na mitutu miwili ambayo haijawahi kutumika. Mmoja ulikuwa wa risasi nene tuliyoiita neuf-trois, yaani tisa nukta tatu kwa Kifaransa, nene kama kidole changu cha mwisho. Wa pili ulikuwa wa risasi nyembamba ya milimita saba, ndefu, ya polepole, yenye kichwa cha mviringo. Ile nene ndiyo waliyoipenda maofisa. Ile nyembamba hakuna aliyeitazama mara mbili.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na katika nchi hii sikumjua mwingine wa kwetu aliyeweza kuunda bunduki ya bolti kuanzia mwanzo hadi mwisho peke yake. Watu walinisimamisha njiani kunipa mkono. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nililitia maji, mwanangu, mpaka likawa maji matupu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mzee Shabani, mnunuzi wa kahawa na ngozi kutoka Muyinga. Alikuwa na kibali cha kuwinda na gobore la baba yake ambalo lilikuwa hatari zaidi kwa mpigaji kuliko kwa mnyama. Alikuja na lori lake la kahawa, akaketi kwenye kile kigoda ambacho sasa unakiwekea redio, akasema anataka bunduki ya kuwindia tohe, yule mnyama wa mabondeni mwenye pembe zilizopinda mbele. Bintiye alikuwa amekuja naye kununua vitambaa. Alibaki mlangoni akitazama tupa zangu zilivyopangwa, akauliza, "Hii yote ni ya kazi, ama ni ya kuonyesha watu?" Huyo ndiye mama yako. Kuanzia saa ile sikuwa na akili timamu.

Nilimpima mzee wake. Nilimpima mkono, bega, shingo, shavu, yote kwa milimita, na kuandika kwenye daftari kama nilivyofunzwa. Kutoka kiunoni kwenda chini sikumwangalia hata kidogo. Vipimo vya Musyo Leo viliishia kiunoni.

"Risasi gani, fundi?" aliniuliza.

"Niachie mimi, Mzee."

"Sawa. We ndiyo fundi."

Nikachagua neuf-trois. Nakwambia ukweli leo, na Mungu ananisikia: sikuichagua kwa ajili ya tohe, wala kwa ajili ya Mzee Shabani. Niliichagua ili mtu yeyote atakayeishika bunduki ile aseme kwamba Mswahili ameunda kitu cha Wazungu. Tohe ni mnyama mwepesi, kumpiga kwa risasi ile ni kuua kuku kwa shoka. Nilijua. Nilijua nikaendelea kupiga msasa. Kitako nilikichonga kwa mzeituni wa porini, na mistari ya mbao ile ilikuwa inatembea mwanga ukiigusa. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri zaidi, isipokuwa ninyi watoto, na ninyi nilisaidiwa.

Nikaipeleka Muyinga mwenyewe, wiki ya Maulidi. Mzee Shabani alikuwa ameahidi kuwalisha wageni wake wote nyama ya porini, na mimi nilikuwa nimepanga kwamba nyama ikishaliwa nitamtuma mjomba wangu apeleke posa. Tukatoka alfajiri kwenda mabonde ya Ruvubu, mzee mbele, mimi na mpwa wake mmoja nyuma. Tohe alikuwa upande wa pili wa bwawa, mbali. Bunduki ile ilifika mbali, na mzee alikuwa ameshaijaribu akaliogopa teke lake begani, kwa hiyo alitaka kuimaliza kazi upesi kwa risasi moja bila kusogea. Akasema Bismillahi, akavuta. Tohe akaanguka pale pale. Mimi nikaruka juu kwa furaha.

Ndipo mzee akachomoa kisu, akaanza kukimbia.

Rukia, nilikuwa nimemjua mtu yule miezi saba, na ile ndiyo mara ya kwanza nilipotazama sawasawa anavyotembea. Katika ujana wake gunia la kahawa lilimwangukia kutoka kwenye lori na kuuvunja mguu wake wa kulia, ukaungwa ukabaki mfupi. Alikimbia akiyumba kwenye matope, kisu mkononi, huku akiita jina la Mungu. Mpwa wake alitaka kumpita, akamkataza. Mnyama wake alikuwa akimchinja mwenyewe maisha yake yote, na hakuwa tayari kumwachia mtu mwingine. Alipofika, tohe alikuwa ameshakufa zamani. Bega lote lilikuwa limesagika. Alikipitisha kisu kooni, na damu haikutoka ya kuitwa damu.

Wapo wanaosema kwamba Bismillahi ya kwenye kifyatulio inatosha, na wapo wanaosema lazima kisu kimkute hai. Siingii katika mjadala huo, wenye elimu wapo. Lakini Mzee Shabani hakuwa mtu wa kuwalisha wageni kitu ambacho moyo wake mwenyewe umekitilia shaka. Aliwapa nyama majirani zake wasio Waislamu, wakamshukuru sana. Na wageni wa Maulidi, waliokuja na kanzu zao nyeupe matumbo yakingojea nyama, walikula maharage.

Siku ile ile nikapewa jina. Fundi Maharage. Watoto walinifuata nalo hadi kwenye lori.

Sasa inakuja aibu yenyewe, maana maharage si aibu, mtu hukosea mengi. Usiku haujaingia, tukiwa tumekaa kwenye jamvi, mtu mmoja akanitania kwamba bunduki yangu imesilimu vibaya. Watu wakacheka. Damu ikanipanda, nikamgeukia Mzee Shabani, ambaye hakuwa amesema neno lolote baya, nikamwambia mbele ya wageni wake: "Mzee, bunduki haina kosa. Kosa liko kwenye miguu yako."

Mzee akatazama chini. Alikuwa na umri wa baba yangu, ndani ya nyumba yake, na mimi nilikuwa nimekula chakula chake. Aliyenijibu ni mama yako, ambaye alikuwa analeta kahawa. Aliiweka sinia chini taratibu, akanitazama.

"Kaka fundi," akasema, "Baba alikuja kwako na miguu gani? Si hii hii? Iko nayo tangu mi sijazaliwa. We ulipima nini?"

Akaondoka na kahawa yangu. Wengine walibaki na zao.

Asubuhi niliondoka na bunduki yangu begani. Miezi mitatu ilining'inia ukutani hapa karakana, nami nilikuwa nimenuna nayo. Niliwaambia watu kwamba watu wa Muyinga ni washamba, kwamba hawajui kitu kizuri, kwamba nitaunda kufuli na kukarabati cherehani na sitagusa tena mtutu. Nilisema kama ulivyosema wewe jikoni, mwanangu, karibu maneno hayo hayo. Ndiyo maana mama yako alipoyasikia alikuja kwangu mbio. Aliyatambua.

Lililonirudisha ni swali lake. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nilipima nini? Nilifungua daftari: mkono, bega, shingo, shavu. Nilikuwa nimempima Mzee Shabani kama mmoja wa maofisa wa Musyo Leo, watu wanaotundika pembe ukutani na nyama wanawaachia wabeba mizigo. Kwao mnyama akifa mbali au karibu ni mamoja. Mimi, niliyesoma madrasa tangu nina miaka sita, niliyeshika miguu ya mbuzi wa Idi kila mwaka baba yangu akichinja, sikujiuliza nyama hii italiwa na nani. Mikono yangu ilikuwa imesomea kwa Mbelgiji, na kichwa nacho kilikuwa kimekwenda huko huko bila kuniaga.

Nikarudi Muyinga bila bunduki. Nilipiga magoti mbele ya babu yako, dukani kwake, wanunuzi wakiona, maana tusi lilitoka mbele ya watu na radhi nayo ilibidi iombwe mbele ya watu. Akasema, "Simama, Maharage. Utachafua suruali."

Nikamwomba anichukue tena bondeni, bila bunduki, tutembee tu. Alishangaa lakini akakubali. Tulitembea siku tano. Nilikuwa na daftari, na kila alipotembea nilihesabu hatua zake na kutazama saa: kwenye nyasi kavu, kwenye tope, akipanda, akishuka. Nilimwonyesha kichuguu, nikamwambia kile ndicho tohe, sasa kimbia. Akakimbia, akafika anahema, na mimi nikaandika. Siku ya tatu akakaa juu ya jiwe akaanza kucheka hadi machozi. "Musungu anapima mabega," akasema, "na we umekuja kupima kilema."

Siku ya nne nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza kabisa. "Mzee, unataka bunduki ikufanyie nini?"

Akafikiri. "Mi sitaki kuua mbali," akasema. "Kuua mbali ni ya nini? Mi nataka kufika."

Basi hapo risasi ikajichagua yenyewe. Niliporudi niliziweka zote mbili mezani, ile nene na ile nyembamba niliyoidharau, nikaona upofu wangu. Ile nene ilimpiga mzee teke, kwa hiyo aliiogopa, kwa hiyo alipiga kutoka mbali, kwa hiyo miguu yake ilikuwa na safari ndefu, na mwisho wa safari alikuta mzoga. Ile nyembamba haina teke la kumwogofya mtu. Mtu asiyeogopa bunduki yake husogea. Akisogea hadi hatua arobaini, risasi ile ndefu ya polepole inavunja bega, mnyama anaanguka asiweze kuinuka, nyama haisagiki, na mzee mwenye mguu mfupi anamfikia mara moja, akimkuta hai, wala hamwachi ateseke. Na risasi zake zilipatikana, kulikuwa na Mhindi hapa mjini mwenye maboksi yaliyojaa vumbi ambayo hakuna aliyeyataka.

Niliufungua ule mtutu mnene kwa mikono yangu. Uliniuma, sikufichi. Nikafunga mwembamba, nikaufupisha ili mzee asichoke kuubeba kwenye nyasi, na kitako nikakikata upya, ule mzeituni mzuri nikaupunguza hadi mistari mingine ikapotea. Ilibaki bunduki ndogo, nyepesi, isiyo na makuu. Ungeiona ungesema ni ya mwanafunzi.

Nikaifikisha Muyinga siku chache kabla ya bendera. Unajua hadithi kuanzia hapa, lakini leo utaisikia kwa masikio mapya. Ilikuwa mkesha wa bendera, kiangazi, nyasi zimechomwa, bonde limefunguka. Tohe alikuwa peke yake. Babu yako alisogea. Nilikuwa nyuma yake, na kila aliposogea hatua moja niliihesabu kimoyomoyo. Alisogea hadi nikaona sikio la mnyama likicheza. Akasema Bismillahi, sauti yake haikutetemeka, akavuta. Bunduki ikakohoa tu. Tohe akapiga magoti ya mbele, akalala ubavu, macho yake yangali yanaona.

Na babu yako hakukimbia. Alitembea, Rukia! Alitembea kwa mguu wake mfupi na mguu wake mrefu, bila haraka, kisu mkononi, akafika, akamwelekeza kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Damu ikaruka hadi kwenye kanzu yake. Akainuka, akanigeukia mimi niliyemtukana, akainua kisu juu akapiga kelele iliyovuka bonde zima: "Nimefika! Fundi, nimefika!"

Nililia. Wajomba zako wanasema nilicheka. Nililia.

Siku ya bendera sitaisahau hata nikifa. Ngoma zilikuwa zinalia vilimani tangu alfajiri, watu waliteremka kutoka kila kilima wamevaa walichonacho, na nyuma ya nyumba ya Mzee Shabani masufuria ya pilau yalikuwa yamepangwa hadi ukutani. Babu yako alisimama mbele ya wageni wale wale wa maharage. Akainua bunduki ile ndogo akasema, "Leo nchi imekuwa ya kwetu. Na hii nayo ni ya kwetu. Ya kwanza ilikuwa ya Musungu, hata kama Hamisi ndiye aliyeitengeneza." Kisha akanipa sahani ya kwanza kabla ya masheikh. Mtu akapaza sauti nyuma, "Fundi Maharage, leo kula nyama!" na mji mzima ukacheka, nami nikacheka kuliko wote. Mama yako akaniletea kahawa. Safari hii hakuondoka nayo.

Miaka iliyokuja baadaye unaijua, na mengine huyajui na sitaki uyajue kutoka kwangu. Ulikuja wakati ambapo bunduki katika nchi hii zilianza kuwatafuta watu. Mimi na babu yako tuliichukua ile ndogo tukaisalimisha kwa wakubwa, tukarudi nyumbani kwa miguu. Wateja walikuja usiku na mchana wakitaka niwaundie nyingine, na wengine hawakuja kwa kuomba. Sikuunda tena hata moja. Nilibaki na kufuli na cherehani, kisha siku moja mtu akaniletea chuma cha mguu cha mtoto kilichovunjika, nawe ulikuwa na miaka tisa, ukakishika kabla yangu. Majirani walisema binti na tupa wapi na wapi. Waache waseme. Leo hospitali imekuita kwa jina lako, na mimi ninayajua majina ya wote waliosema, nimepita milangoni kwao leo asubuhi mmoja mmoja nikiwaamkia na kuwapa habari. Nina kiburi, bado. Nimebadilisha tu mahali pa kukiweka.

Chuma chako ni kizuri, mwanangu. Kizuri kuliko changu chochote. Ulimpima yule bibi paja, goti, kifundo, kwa milimita, nami nilikuona ukiandika nikajivuna. Ila hukumuuliza anaketi wapi. Sikukufunza kuuliza. Nilikufunza vipimo nikakuficha maharage, nikitaka uniheshimu, na kwa kuficha kwangu umelia wewe na chuma kikaishia chini ya meza. Kosa hilo ni langu, na hii ndiyo sababu ya barua.

Nilikuwa nikuombe hapa usiwaandikie wale wa hospitali. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Lakini ngoja kidogo. Kuna sauti. Mwanzo nilidhani ni mama yako anakwangua sufuria, kumbe mama yako yuko ukumbini anafunga sanduku lako mara ya nne. Ni tupa. Naijua tupa ile, ni ile ndogo ya duara ya Musyo Leo.

Nimekwenda kuchungulia, nimerudi. Hukuniona. Umeketi kwenye mkeka, chuma cha yule bibi umekivaa wewe mwenyewe mguuni, goti lake umelikata na kulitia bawaba. Unakaa. Unainuka. Unakaa tena, unakunja uso, unavua, unapiga tupa, unavaa. Mama yako alikuja nyuma yangu akachungulia begani kwangu. Hakusema kitu, na kwake hilo ni jambo kubwa. Alinibana tu mkono, tukarudi kila mtu kazini kwake.

Basi barua hii imechelewa, na sijawahi kufurahi hivi kwa kuchelewa. Nitaiweka juu ya sanduku lako hata hivyo, uisome usiku huu. Kesho ni siku ya soko. Yule bibi hupita na ndizi zake mapema, na gari lako halitoki kabla ya saa nne. Nitamngojea kwenye njia panda nimlete. Mkeka uache hapo hapo ulipo, akae mbele ya macho yako kabla hujaondoka.

Ndani ya kitambaa chekundu, chini ya shuka, kuna kile kichupa cha shaba cha wanja cha mama yako. Ulikiomba tangu utoto akakunyima, na wewe hukuwahi kujua kwa nini. Kigeuze utazame kitako chake, utaona alama ndogo pale pini ya bunduki ilipogonga. Ni ganda la risasi ya siku ile babu yako alipofika, nyembamba, ya milimita saba. Mama yako amelitia wanja tangu wiki ya harusi yetu, na leo amelitoa mwenyewe bila kuombwa.

Mungu akutangulie, kitinda mimba wangu. Barua ndefu sitaki, najua utakuwa na kazi. Ukishuka kwenye gari Muyinga, mpe dereva neno moja aniletee, lile lile la babu yako bondeni. Nitakuwa barabarani namsubiri.

Baba yako,
Hamisi, Fundi Maharage